Uso wa Fundi Kioo

Alhamisi, tarehe ishirini na tatu mwezi wa kumi. Asubuhi ilikuja na mawingu mazito na manyunyu membamba yasiyosikika hata juu ya bati. Nilifungua dirisha, nikaangalia juu, nikasema, "Mungu wangu, leo kweli?" Wiki nzima nilikuwa nimeomba jua. Wengine huomba jua siku ya harusi ili nguo zisiingie matope. Mimi nililiomba kwa ajili ya miwani ya mume wangu.

Binti yetu alikuwa anaolewa asubuhi ile katika ofisi ya msajili wa ndoa, katikati ya mji. Baba yake alikuwa amemwahidi kwamba ataingia naye mlangoni akiwa amemshika mkono. Lakini kati ya nyumba yetu na mlango ule kulikuwa na kamera kwenye kila nguzo, na kila kamera iliamini kwamba mume wangu ni mwizi.

Mume wangu anakata vioo na kutengeneza fremu. Mtaani wanamwita Fundi Kioo. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho karakana yake, na kuta zimejaa nyuso za watu: maharusi, wahitimu, marehemu, watoto wanaosubiri kuchukuliwa na wenyewe. Hajawahi kurudi nyumbani na msumari usio wake. Na ana tabia moja ambayo lazima niiseme. Kabla ya kuomba, hata kama ni kuombea chai tu, huvua kofia, huvua miwani, hutoa kitambaa mfukoni na kujifuta uso wote, taratibu, kuanzia kipajini hadi shingoni. Kioo kinapokatwa hutoa unga mwembamba unaoshika kwenye ngozi. "Siwezi kwenda mbele za Mungu na vumbi la kazi usoni," husema. Chai hupoa. Tulishazoea kunywa chai iliyopoa.

Kamera zilipowekwa tulifurahi kama watu wengine wote. Stendi ilikuwa imejaa vibaka. Walitangaza kwamba hizi si kamera za kawaida, hizi zinatambua sura. Jirani yetu, Fundi Viatu, ambaye hawezi kukaa na neno mdomoni, alisema, "Basi na mimi nitachana nywele. Nani anajua, labda serikali itanipenda."

Siku ya kwanza walipomkamata, mume wangu alikuwa amekwenda kununua vioo. Vijana wawili wa polisi walimshika mabega katikati ya soko, wakamwita kwa jina la mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa amevunja duka la simu na kumjeruhi mlinzi. Mume wangu alilala mahabusu mpaka alipopatikana afisa wa kupima alama za vidole, ambaye hakai kituoni bali huja akiitwa, na akiitwa huja anapojisikia. Vidole vikasema si yeye. "Umefanana tu, mzee," wakamwambia. "Pole."

Mara ya pili ilikuwa stendi. Mara ya tatu alikuwa ananipeleka hospitali. Walimchukua getini, mimi nikabaki kwenye benchi na homa yangu, nimeshika kofia yake.

Nilipopona nilikwenda kituoni mwenyewe. Sajini wa zamu alikuwa mtu mzima, mpole kwa sauti, na upole wake ndio uliniumiza zaidi. Nilimwomba anionyeshe picha ya huyo mwizi. Akaigeuza kompyuta. Nikaona mwanamume mwembamba, masikio yamechomoza, mdogo kwa mume wangu kwa miaka mingi.

"Afande, huyu na mume wangu wanafanana wapi?"

"Mama, mimi nawe tunaangalia ngozi. Mashine inaangalia mifupa. Inapima kutoka jicho mpaka jicho, kutoka pua mpaka kidevu. Inasema ni yeye kwa asilimia themanini na mbili."

Wiki ile, kwenye darasa la jioni ninalosoma, mwalimu alikuwa ametufundisha asilimia. Nilikuwa bado nina chaki kwenye mkono wa gauni. Nikasema, "Na hizo asilimia zilizobaki, afande, ni za nani?"

Akatabasamu. "Hizo zilizobaki ndizo zinazofanya tumwachie kila mara."

"Basi mfuteni kwenye mashine."

"Mashine haiko hapa, mama. Hapa tuna skrini tu."

"Basi mpeni barua ya kuonyesha kwamba si yeye."

"Nampa hata leo. Lakini kamera haisomi barua. Kamera inaita, vijana wanakuja, na vijana wameambiwa wasijadiliane na mtu barabarani. Tutamleta hapa, tutapima vidole, tutamwachia. Ndiyo taratibu."

"Na siku ya harusi ya mwanawe?"

Aliniangalia kwa huruma, nadhani ilikuwa huruma kweli. "Mwombeni Mungu asipite kwenye kamera."

Hivyo ndivyo mume wangu, mtu asiyejua hata kudanganya umri wake, alivyoanza kujifunza kujificha.

Alianza na ndevu. Aliziacha zikamea mpaka akawa kama mtu aliyetoka jangwani, akatoka, na hakufika mbali. Mifupa ilikuwa ile ile. Akajaribu barakoa na kofia, na mlinzi wa benki akamwambia avue vyote viwili au aondoke. Binti yetu ni msusi, na wasusi husikia kila kitu kwa wateja. Alirudi jioni moja na maelezo yake.

"Baba, kamera inatafuta hapa, katikati ya macho, na kivuli cha pua. Ukivuruga hapo, inapotea. Kaa nikupake."

"Unipake nini?"

"Wanja na poda."

"Mimi?"

"Baba, mwizi ni wewe au mimi? Kaa."

Akakaa kwenye kigoda kati ya fremu zake, mikono magotini, kama mtoto anayenyolewa. Binti akamtia weusi upande mmoja wa pua, weupe upande wa pili, na mstari mpana kutoka nyusi hadi shavuni. Fundi Viatu akachungulia mlangoni.

"Haya! Bibi harusi ni yupi hapo?"

"Toka, mzee," binti akamwambia.

"Natoka, lakini Fundi Kioo, usijiangalie kwenye vioo vyako leo. Vitakuomba kitambulisho."

Tulicheka sote, hata mume wangu, mpaka wanja ukamwingia jichoni.

Simu ya binti yetu, ukiielekeza kwa mtu, huchora mraba mdogo wa njano kuzunguka uso. Hiyo ndiyo ilikuwa mizani yetu. Akiipandisha, tunaangalia kama mraba unamkamata baba yake. Mara nyingi ulimkamata. Kisha akatia weusi zaidi hapa, weupe zaidi pale, na jioni moja aliinua simu na miraba ikajitokeza kila mahali: kwangu mimi, kwa Fundi Viatu mlangoni, kwa maharusi ukutani, kwa wahitimu, kwa bibi mmoja aliyefariki zamani ambaye wanawe hawajaja kumchukua. Wote waliwekewa miraba yao. Mume wangu peke yake, aliyekaa katikati akipumua, hakuwekewa chochote.

"Baba haupo!" binti akapiga kelele. "Umefaulu! Mashine inasema hapo hakuna mtu!"

Alikuwa na furaha kweli. Kisha akaiona sura ya baba yake na akashusha simu. Nilisikia tu mume wangu akiulizia kitambaa chake.

Miwani ilikuwa wazo lake mwenyewe. Miaka yote wateja humlalamikia, "Fundi, mbona simwoni mama kwenye picha, naona dirisha tu?" Naye huwaeleza kwamba wamening'iniza picha mkabala na mwanga, kioo kinarudisha mwanga na kumeza sura; wahamishe msumari. Sasa akaugeuza ujuzi wake kinyume. Alichukua ile karatasi nyembamba ya kung'aa inayobandikwa kwenye madirisha ya maofisi, akaikata, akaibandika kwenye miwani kwa pembe ambayo aliitafuta kwa siku nyingi. Kwenye jua, ukimtazama, unaona mwanga mweupe mahali pa macho. Mraba wa njano ulihangaika, ukaja, ukaenda, ukakata tamaa. Aliivaa kwenda sokoni mara kadhaa na akarudi salama, na vioo kwapani. Miwani na jua vilitosha, rangi hakuipenda. "Kwenye harusi ya mwanangu siendi nimepakwa kama kinyago," alisema. "Mungu akitupa jua, nitavaa miwani tu."

Kwa hiyo niliomba jua.

Na asubuhi ile hapakuwa na jua hata la kuota. Mume wangu alisimama dirishani, amevaa suti yake ya pekee, akaivaa miwani, akageuka kwetu. Binti akainua simu. Mraba ukamkaa usoni mara moja.

"Leta hiyo poda yako," alisema.

Binti alikuwa ameshavaa gauni. Akajifunga khanga juu yake isichafuke, akampaka baba yake. Safari hii alipaka kwa ustaarabu: kwa mbali ungedhani ni kivuli, kwa karibu ungedhani alipigwa na mtu. Kisha mimi nikaona kitu ambacho tulipaswa kukiona tangu mwanzo. Manyunyu. Siku ya manyunyu, mtu mwenye mwamvuli hashangazi mtu. Nikautoa mwamvuli mkubwa mweusi, nikaufungua juu ya kichwa chake, ukamfunika mpaka mabegani. Nikamwomba Mungu msamaha kwa kunung'unika. Nilidhani nimeelewa kwa nini alininyima jua.

Tulipita njia za nyuma, nyuma ya magodauni, kando ya ukuta wa shule, kwenye ile njia ya mtaro. Mkwe wetu, fundi wa majokofu, alikuwa anatusubiri kona ya mwisho akiwa na viatu vipya vilivyomkaba.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama. Mmefika salama?"

"Marahaba, mwanangu. Tumefika," mume wangu alisema kutoka ndani ya mwamvuli. "Nakusikia, ila nakuona miguu tu. Viatu vizuri."

"Vinaniua, baba."

"Ndoa ndiyo inaanza hivyo."

Binti yangu alicheka. Namshukuru Mungu alicheka hapo, kwa sababu kicheko hicho ndicho ninachokikumbuka nikitaka kuikumbuka siku ile vizuri.

Ofisi ya msajili ina varanda pana yenye mabenchi, na juu ya mlango kuna kamera, jicho jeusi lisilo kubwa kuliko kifuniko cha chupa. Watu walikuwa wamejaa, wengine wamekuja kuoa, wengine kuandikisha vifo, wote kwenye mabenchi yale yale. Chini ya paa mwamvuli ukafungwa. Mume wangu akabaki na kofia yake ya ukingo mpana, miwani, na ile rangi. Alikaa ameinama kidogo, kama mtu anayeangalia vidole vya miguu yake. Kamera ilimtazama muda wote huo na haikumwona. Kabla ya zamu yetu ilikuwa imebaki moja tu. Nilianza kupumua.

Ndipo alipofika shangazi wa mkwe wetu. Ni mama wa watu, mwenye sala ndefu na moyo mweupe. Yeye ndiye aliyemlea kijana baada ya wazazi wake kufariki. Alikuwa amechelewa kwa sababu ya mvua, na alikuja akikimbia, kilemba kimelowa.

"Hamjaingia? Ahsante Mungu! Hawa watoto hawataingia humo kabla ya kuombewa. Simameni. Tushikane. Tuombe."

Tulisimama. Alianza moja kwa moja, kwa sauti ya mtu anayetaka na walio mbali wabarikiwe. Aliwaombea maharusi, akawaombea watakaozaliwa, akatuombea wazazi. Ilikuwa sala nzuri. Nilijiachia ndani yake. Nilikuwa nimefumba macho, na machozi yalikuwa yananitoka ya furaha. Shangazi alikuwa amefumba macho. Maharusi walikuwa wamefumba macho. Kamera peke yake ndiyo haikufumba.

Tuliposema "Amina" nilifumbua macho, nikamwona mume wangu. Kofia ilikuwa kwapani. Miwani ilikuwa kwenye mfuko wa koti. Mkononi alikuwa na kitambaa, na kitambaa kilikuwa cheusi kwa wanja. Uso wake ulikuwa mtupu na safi, uso wake mwenyewe, ameuinua juu kama anavyouinua siku zote akiomba.

Aliniona ninavyomtazama. Akakitazama kitambaa. Akaelewa.

"Mama," alisema polepole, "nimejifuta."

Binti akamrukia na kofia, mimi nikahangaika na mwamvuli pale chini ya paa, watu wakatushangaa. Mwanamke mmoja aliyekuja kuandikisha kifo alisema, "Harusi hii ina vituko." Vijana wawili walikuwa tayari wanapanda ngazi, mmoja akitazama simu, mwingine akitazama nyuso. Yule mwenye simu aliinua kichwa, akaita jina la yule mwizi.

Mume wangu hakuitika. Kijana akaita tena.

"Mwanangu," mume wangu akamwambia, "hilo si jina langu. Lakini najua unanitaka mimi."

Mkwe wetu akajiweka mbele. "Afande, huyu ni baba mkwe wangu. Tuko foleni. Tukitoka humo ndani tunakuja naye wenyewe, hata ukitaka kaa mlangoni."

"Sisi hatukai mlangoni, bwana harusi. Kompyuta ikiita, tunachukua."

"Robo saa tu!"

"Na hii nini?" Yule kijana alikuwa ameshika kitambaa, anakigeuza, vidole vyake vimeingia weusi. Akamtazama mume wangu shavuni, ambako ulikuwa umebaki mstari mdogo chini ya sikio. "Mzee, mtu asiye na kosa anajipaka hivi ya nini?"

Hakuna kati yetu aliyeweza kulijibu swali hilo kwa maneno machache, na yeye hakuwa na muda wa maneno mengi. Walimchukua. Kofia ilianguka ngazini, nikaiokota.

Wakati huo huo mlango ukafunguliwa na karani akaita namba yetu.

"Siingii," binti yangu alisema. "Baba asipokuwepo, siolewi."

Baba yake alikuwa ameshafika chini ya ngazi. Aligeuka akiwa katikati ya wale vijana. "Ingia, mwanangu! Tarehe hii mmeisubiri miezi. Ingia na mama yako!"

Karani akaita namba mara ya pili. Nilimshika binti mkono. Ulikuwa wa baridi kama kioo. Tukaingia.

Ndani palikuwa na meza, bendera na saa ya ukutani iliyosimama. Msajili aliuliza, "Wazazi wa bibi harusi wapo?" Nikasema, "Nipo." Akaniangalia, akaangalia kiti cha pembeni yangu, ambacho juu yake nilikuwa nimeiweka kofia ya mume wangu. Hakuuliza tena. Mkwe wetu alisema maneno yake vizuri. Ilipofika zamu ya binti yangu, alisema kwa sauti ya chini. Msajili akasema, "Sauti, binti. Mashahidi wasikie." Akarudia. Alisema maneno yote, hakuacha hata moja, lakini aliyasema akikitazama kile kiti.

Sikusali wakati wa ndoa ya mwanangu. Nasema ukweli. Nilifumba macho na sikupata neno. Nilitaka kumwuliza Mungu ni kwa nini alichagua sala, kati ya mambo yote yaliyoweza kutuangusha. Angeweza kutumia upepo. Angeweza kutumia mlinzi mwenye kiburi. Hata leo sijapata jibu, na hata leo naomba kila siku, lakini siku ile sikuomba.

Tulikwenda kituoni tukiwa hivyo hivyo, na gauni, na maua, na shangazi nyuma yetu. Alikataa kuingia. Alikaa kwenye benchi la nje na kilemba chake kilicholowa. Alikuwa ameambiwa njiani yote ambayo tulimficha, kwa sababu tuliona aibu kuwaambia ndugu wa mkwe wetu kwamba baba wa bibi harusi anatafutwa.

"Ningejua," alisema tu. "Mngeniambia, ningeomba nikiwa njiani."

Afisa wa vidole alikuja jioni, anakula karanga. Alimpima mume wangu, akatazama mashine yake, akasema, "Si yeye."

"Tunajua si yeye," nikasema.

"Basi mbona mmeniita?"

Sajini alikuwa yule yule mpole. Alimtoa mume wangu mpaka mbele, pale penye kaunta ndefu ya mbao, nasi tukasimama upande wa pili. Mume wangu alimtazama binti yake kwenye gauni. Walikuwa hawajaonana tangu ngazini.

"Umeolewa?"

"Nimeolewa, baba."

"Ulisema kwa sauti?"

"Nilisema mara mbili."

Akaitikia kwa kichwa. Akamgeukia mkwe wake, akamwambia, "Shikamoo unaniamkia, lakini mkono sijakupa." Wakapeana mikono juu ya kaunta.

Sajini akakohoa. "Hongereni. Mzee, kuhusu lile la duka la simu, uko huru, kama kawaida. Lakini sasa kuna hili lingine." Akaweka mezani kile kitambaa na ile miwani, ambayo karatasi yake ya kung'aa ilikuwa imeanza kubanduka. "Kujificha kwenye kamera za usalama ni kosa, hata kama kamera imekosea. Vijana wanataka nifungue jalada."

"Kamera inakosea, kosa linakuwa la baba?" binti yangu akasema.

"Kamera haina kosa, binti. Kamera ni chombo."

"Na baba yangu ni nini?"

Nilimwona sajini anamtazama mume wangu, suti yake, ule mstari wa wanja chini ya sikio. Akashusha sauti. "Sikilizeni. Sitaki kumlaza mtu ndani siku ya harusi ya mwanawe. Aahidi tu mbele ya mashahidi kwamba hatajificha tena, nami nitarudisha vitu hivi na mtaenda kula. Kesho akipita kwenye kamera ataletwa, tutampima, tutamwachia. Hilo siwezi kulizuia. Lakini ataletwa kama mtu asiye na la kuficha."

"Yaani aahidi kukamatwa," mkwe wetu alisema.

"Aahidi kuonekana."

Nilitaka mume wangu akatae. Nasema ukweli tena. Nilitaka kwa mara moja apige ile kaunta kwa ngumi yake, yeye ambaye mikono yake hajawahi kuitumia kuvunja kitu asichokilipia. Lakini alikuwa anamtazama binti yake, na nje kulikuwa kumeanza kuwa giza, na kile kiti cha ofisini hakingeweza kurudishwa.

"Shangazi yuko wapi?" aliuliza.

"Nje," nikamwambia. "Anaogopa kuingia."

"Mwite. Mwambie sala ilikuwa nzuri. Mwambie namtaka awe shahidi."

Mkwe wetu akamleta, akiwa amemshika kiwiko. Shangazi alisimama nyuma yetu, mikono mdomoni. Hakuthubutu kusema hata "Bwana asifiwe." Tukawa mashahidi wanne, pamoja na sajini, na yule afisa aliyekuwa bado anakula karanga, na juu ya kaunta, kwenye kona ya dari, jicho jeusi dogo kama kifuniko cha chupa.

Mume wangu akakichukua kitambaa chake mezani. Akatafuta kona iliyobaki nyeupe, akaipata. Akajifuta uso, taratibu, kuanzia kipajini hadi shingoni, na ule mstari wa mwisho ukatoka. Tulimsubiri kama tulivyozoea kumsubiri mezani. Kisha akaanza kusema, lakini kwa sauti ya chini.

"Sauti, mzee," sajini akasema. "Mashahidi wasikie."

Mume wangu akainua uso wake mpaka kwenye ile kona ya dari, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye benchi la nje:

"Naahidi mbele ya mke wangu, mbele ya mwanangu na mume wake, mbele ya shangazi huyu, na mbele za Mungu ambaye hajawahi kunifananisha na mtu mwingine: uso wangu sitauficha tena."